Shajara ya mradi: nazipanga homuweki za mpwa wangu kama baiskeli za kijiweni

Naiandika hii ili mwenye mtoto wa sekondari nyumbani kwake achukue kitakachomfaa, kisichomfaa akiache. Mi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 14, chini ya mwarobaini. Nyumbani ni Makorora, nakaa na mama yangu mzazi, mpwa wangu wa kike yuko kidato cha tatu, na mdogo wake wa kiume yuko darasa la tano. Mi sio mwalimu, shule niliishia form four na hesabu yenyewe nilipata ile herufi ambayo haisemwi mbele za watu. Ntakuwa naongeza kila hatua inapoisha, na pesa iliyotoka ntaandika, hata ile iliyotoka kijinga.

Jumamosi 1 Februari 2025 – tulipoanzia

Juzi Alhamisi nimerudi saa nne usiku nikamkuta binti kalalia daftari mezani, kalamu za rangi zimetapakaa mpaka chini ya kiti. Kachora ramani ya Jiografia, nzuri kweli, bahari kaipaka bluu kwa mistari ya rula mmojammoja, mpaka nikaona huruma kumwamsha. Jana mchana karudi kanuna. Kumbe ramani ni ya kukusanya Jumatatu, kilichotakiwa jana ni maswali kumi ya Kemia, yale ya moli, na hakugusa hata moja. Vipindi viwili kakaa nje kapiga magoti.

Nikamuuliza, sasa mama, kwa nini ukaanza na ramani? Akasema, "Mjomba, ramani ndo niliyokuwa nayo." Nikaona ananiletea jeuri, nikamfokea kidogo. Jibu hilo nimeliandika hapa kwa sababu lilikuja kunirudia baadaye.

Tulichofanya wiki hii ni kuandika tu, hatujabadili kitu. Kila anachofanya toka anatoka shule mpaka analala anaandika na saa yake. Mi nilikuwa najua ana muda wa kumwaga. Hana, bwana. Anatoka saa nane na nusu, kwa baiskeli anafika kama saa tisa (baiskeli anayo, breki ya nyuma haifanyi kazi, ndo mambo ya kuwa na fundi nyumbani), anakula, anafua au anateka maji, saa kumi anakaa na bibi yake kwenye bajia mpaka Magharibi. Muda unaobaki wa kushika daftari kabla usingizi haujamtupa ni saa mbili kasoro. Na homuweki zilizoingia wiki hiyo ni 14, alizokusanya kwa wakati 8. Nilikaa na hicho kikaratasi nikaona aibu ya yale maneno niliyokuwa nasema kila siku, "we una kazi gani nyingine zaidi ya kusoma".

Jumapili 9 Februari – ratiba ya manila

Hapa tulifanya kama watu wote. Manila moja 1,000, maka pen mbili 2,000, tukapiga mistari, Jumatatu Hisabati na Kiswahili, Jumanne Fizikia na Uraia, na kuendelea, rangi saba. Ilitula jioni nzima na ilipendeza, majirani walikuja kuiangalia.

Iliishi siku nne. Ratiba inasema Jumatano ni Bailojia, mwalimu wa Historia yeye katoa kazi ya Alhamisi, sasa afuate manila au afuate mwalimu? Na Jumanne bibi akapata oda ya bajia za hitma, kilo nne za kunde, jioni yote ikaenda kwenye kumenya na kusaga. Manila haikuwa na chumba cha kunde. Alivyokosa siku moja akasema atafidia kesho, kesho ikabeba ya jana na yake, Alhamisi akaacha kuiangalia kabisa. Nadhani ratiba ya namna ile inamfaa mtu wa bwenini ambaye kengele inampangia kila kitu. Kwa mtoto wa nyumbani inamuonyesha tu kila siku kwamba kashindwa. Sa hivi imetandikwa kwenye kabati la vyombo, upande wa rangi umetazama chini.

Hasara: 3,000.

Jumatano 19 Februari – mraba wa jenerali

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, kaniona nalalamika akaniambia jaribuni mraba wa Eisenhower. Huyo ni yule jenerali wa Marekani aliyekuja kuwa rais kuanzia 1953 mpaka 1961. Unachora vyumba vinne: muhimu na haraka, muhimu si haraka, haraka si muhimu, na kisicho vyote viwili. Kila kazi unaiweka chumba chake. Cha kwanza unafanya sasa, cha pili unakipangia siku, cha tatu unampa mtu mwingine, cha nne unatupa.

Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili 3,500 (daftari la kawaida lingetosha, nilijiona mkurugenzi). Tukachora. Siku hiyo alikuwa na kazi 11. Tisa zikaingia chumba cha kwanza! Manake ukimuuliza mwanafunzi ipi sio muhimu atakuambia zote zina mwalimu wake na kila mwalimu ana fimbo yake, na ipi sio haraka, zote za kesho au keshokutwa. Chumba cha kumpa mtu mwingine ndo kilituchekesha, jenerali ana makanali, mpwa wangu ana mdogo wake tu. Akampa kazi ya kumpigia mistari kwenye daftari la Fizikia, mtoto akadai ubuyu wa mia mbili kwanza, af mistari ikapanda mlima.

Siusemi vibaya ule mraba, kwa mtu ambaye kazi zake anajipa mwenyewe naona utamsaidia. Sisi tulibaki na chumba kimoja kimejaa mpaka mlangoni na swali lilelile, naanza na ipi.

Hasara: 3,700 pamoja na ubuyu.

Jumamosi 22 Februari – siku ya gundi

Hii ntaielezea kwa kirefu kwa sababu ndo mradi wenyewe.

Jumamosi kijiweni kunakuwa na watu. Asubuhi nilikuwa na baiskeli tano zimelala chini: mbili pancha, moja rimu imepinda, moja cheni inaruka, moja friwili (meno ya nyuma yanayoshika cheni) imekufa. Binti kaniletea chai na mihogo akakaa juu ya kreti kunisubiri nirudishe chupa. Mi nikaanza kama ninavyoanza siku zote, wala sifikirii. Kwanza nikampa dogo wa kijiweni pesa akanunue friwili dukani. Af nikatoa tyubu zote mbili, nikasugua msasa pale penye tundu mpaka mpira ukawa mweusi mkavu, nikapaka sulusheni (gundi ya viraka), nikazining'iniza kwenye tawi. Nikaziacha. Nikahamia kwenye rimu, nabana spoki huku nalegeza kule, nazungusha, nasikiliza. Rimu ilivyokaa sawa, tyubu za kwanza zishakuwa zinanata kwa kidole bila kulowesha, nikabandika viraka nikagonga na nyundo. Nageuka, dogo kafika na friwili.

Binti akaniuliza, "Mjomba, mbona umeanza na kile ambacho hukimalizi?"

Nikamwambia sulusheni ikipakwa inakauka yenyewe, hainihitaji mimi. Nikisubiri nimalize rimu ndo nipake, ntakaa nimeikodolea macho gundi na mteja kasimama juu ya kichwa changu. Na friwili sina, lazima itoke kwa mtu, kwa hiyo mguu wa kwenda kuifuata utangulie kabla ya yote.

Akanyamaza. Akamaliza muhogo wake. Af akasema, "Basi kitabu cha Kemia ndo gundi yangu."

Hapo ndo lile jibu lake la mwanzo likanirudia. Ramani ndo niliyokuwa nayo. Mtoto hakuwa mvivu wala hakuwa anakwepa moli, kitabu cha Kemia wanachangia na rafiki yake wa Mikanjuni na siku hiyo kilikuwa huko, ramani ilikuwa mezani, akafanya iliyo mezani. Na sisi wakubwa tunamwambia "anza na ngumu", "anza na ya karibu", wakati tatizo lake ni kwamba ya karibu haimo ndani ya nyumba, na anagundua haimo saa mbili usiku, saa ambayo mtoto wa kike huwezi kumtuma Mikanjuni.

Basi kanuni tuliyoanza nayo ni hii: kabla hujatoka geti la shule, kila kazi iulize, inahitaji nini ambacho sina? Mtu, kitabu, fotokopi, intaneti, chochote. Inayohitaji kitu cha nje inaanzishwa kwanza, sio inafanywa kwanza, inaanzishwa: kitabu kiombwe pale pale, mtu aambiwe pale pale. Unarudi nyumbani unafanya zako nyingine huku gundi inakauka. Ugumu na tarehe vinakuja baada ya hapo.

Jumapili 2 Machi – waya na vibanio

Tumeacha kuandika kwenye kaunta buku kwa sababu kitu kikishafunikwa hakionekani. Nimechukua waya wa breki uliochakaa nikauvuta ukutani kati ya misumari miwili, juu ya meza. Kadi tumekata kwenye maboksi ya tyubu, ukubwa wa karata. Vibanio vya nguo dazeni moja 1,500. Waya una sehemu tatu na majina kayatoa yeye: Gundi (imeanzishwa, inasubiri), Spana (ninayo mkononi, naifanya) na Barabarani (imekwisha, iko kwenye begi). Kwenye Spana hairuhusiwi kadi zaidi ya mbili, hiyo nimeitoa kijiweni pia, ukifungua baiskeli ya tatu bolti zinachanganyika.

Kwenye kadi anaandika somo, siku ya kukusanya, inahitaji nini, na dakika ngapi.

Kosa la wiki ya kwanza: kadi zisizo na mwisho. Aliandika "kusoma Bailojia". Ile kadi ilining'inia siku kadhaa, kila siku anaisogeza Spana anairudisha. Nikamwambia mteja akija akaniambia "itengeneze baiskeli" tu namuuliza ina nini, siwezi kutengeneza baiskeli nzima. Tukaikata ikawa kadi tatu, "kuchora figo na kuandika sehemu zake", "maswali 5 ya utoaji taka mwilini", "kumuuliza mwalimu tofauti ya ureta na yurethra". Zote ziliisha siku mbili. Hiyo ya mwisho ilikuwa Gundi, akamuuliza mwalimu korido wakati wa mapumziko, sekunde thelathini.

Kosa la pili, la kwangu: kitabu cha Kemia kuazimana kila wiki ni upuuzi, sura ya moli tunaitumia mwezi mzima. Tukapiga fotokopi kurasa 12, mia mia, 1,200. Tungeifanya Januari yale magoti yasingepigwa.

Na Ramadhani imeingia, kwa hiyo jioni yote tuliyoipima mwanzo wa mradi imekufa. Bajia zimepanda mara tatu, af kuna kufuturu, kuna tarawehe. Tunaangalia.

Jumamosi 15 Machi – dakika za uongo

Mwezi huu muda wake wa kusoma umehamia alfajiri. Wakishakula daku na kuswali harudi kulala, anakaa mpaka saa kumi na mbili na nusu. Ni kama saa nzima, nyumba imetulia, kichwa kimepoa. Yeye mwenyewe anasema moja ya alfajiri ni sawa na mbili za usiku, mi namwamini maana naziona kadi zinavyohama.

Shida iliyojitokeza ni zile dakika. Anaandika 30 kwenye kadi, kazi inakula saa na nusu, ratiba yote ya siku inaporomoka. Tukaanza kuandika namba mbili, ya kukisia mbele na ya kweli nyuma ya kadi. Baada ya wiki mbili nikazimwaga kadi zote mezani. Hisabati, maswali kumi ya hesabu za biashara: kakisia 30, kweli 85. Ingine ya Hisabati: 20, kweli 65. Ufupisho wa Kiingereza: 20, kweli 55. Insha ya Kiswahili: 60, kweli 40! Kwa hiyo sio kwamba hajui kukisia, anakosea kwa mpangilio. Hesabu anaikisia theluthi, Kiswahili anakiogopa bure. Sasa hivi kadi ya Hisabati anaandika anachofikiria af anazidisha kwa tatu, bila mjadala. Hii ni kama mimi na rimu, miaka na miaka namwambia mteja "nusu saa" na najua sio nusu saa.

Tulijaribu na mambo ya nyanya. Yule Mtaliano, Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi miaka ya 1980 mwishoni alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, 5 kupumzika. Wazo zuri. Sisi saa yetu ilikuwa simu yangu. Dakika 25 akafanya vizuri, zile tano akafungua WhatsApp, kuna grupu la darasa watu wanaulizana nani kafanya namba saba, zikawa 40. Nikaenda kununua saa ya mezani ya kengele 6,000. Inalia kama gari la zimamoto. Mama alikuwa kajilaza baada ya Adhuhuri, akaamka anauliza nani kafa. Ikapigwa marufuku.

Kilichobaki ni kutumia kilichopo, adhana. Baada ya Idi tutajaribu kati ya Magharibi na Isha, ni kama saa moja na dakika kumi, na hakuna wa kuigusa ile saa.

Jumatano 26 Machi – umeme

Jumatatu saa mbili usiku umeme ukakatika Makorora yote. Kwenye Spana ilibaki kadi moja, kusoma ramani ya topografia, zile mistari ya kontua nyembamba kama nywele, unahesabu mita. Kwa mshumaa haiwezekani, kajaribu mpaka kaunguza kona ya karatasi ya watu. Na mchana wake, jua linawaka, alikuwa anakariri istilahi za Uraia, kitu ambacho angekifanya amefumba macho.

Kumbe mwanga nao ni kitu cha kuazima. Tumeuingiza kwenye swali la "inahitaji nini". Kadi yenye ramani, michoro, maandishi madogo inachorwa jua pembeni, inafanywa kabla ya Magharibi hata kama ni ya keshokutwa. Kukariri, kusimuliana, kupanga hoja za insha kichwani, hizo ni za usiku.

Taa: nilikuwa nimeshanunua ya sola ya 8,000 sokoni, ikafa siku ya tisa. Nikanunua ya 25,000, hiyo inafika mpaka saa sita usiku bila kupungua. Ukisoma hii usipite kwenye ya elfu nane kwanza kama mimi, hela yangu imeenda bure.

Jumapili 13 Aprili – nilipoharibu mwenyewe

Idi imepita, likizo fupi imepita, mambo yakaanza kwenda, na mimi mambo yakienda huwa siwezi kutulia. Nikawa nikirudi jioni nasogeza kadi. Hisabati naipeleka Spana kila siku, iwe ya kesho au ya wiki ijayo, kwa sababu zangu ambazo nimeshazitaja pale juu. Kadi ya Historia nairudisha nyuma, Historia itamsaidia nini (niliwaza hivyo, msinishambulie). Wiki nzima. Yeye hakusema kitu. Ila kadi mpya zikaacha kuandikwa vizuri, mara "Fizikia" tu, mara kadi tupu imebanwa pale kwa ajili ya kunifurahisha mimi. Ijumaa kadi tupu zilikuwa mbili.

Mama ndo aliyeniambia, anakaanga hata kichwa hakuinua. "Mwanangu, we uko kijiweni, akija mtu akakushikia spana, unamfanyaje?"

Nikasema namfukuza.

"Haya."

Nikanunua kashata za 2,000 nikamuomba binti radhi. Makubaliano tuliyoandika na kuyabana kwenye waya ni kwamba mimi kadi siigusi, na jioni naruhusiwa swali moja tu: gundi imepakwa? Akijibu ndio, nimemaliza, niende nikaoge.

Jumapili 27 Aprili – mkonge, na ramani isiyo na rangi

Wiki hizi mbili ndo nimeona kitu kinafanya kazi peke yake. Mwalimu wa Historia katoa insha ya uchumi wa kikoloni, siku kumi, waandike kuhusu zao moja. Akachagua mkonge, ukiwa Tanga utachagua nini. Zamani angeiacha mpaka siku ya tisa. Safari hii siku ileile kadi tatu zikaenda Gundi. Moja, kumwamkia mzee wa nyumba ya pili ambaye ujana wake kakata mkonge mashamba ya Muheza. Mbili, makumbusho ya Urithi kule kwenye boma la zamani karibu na bandari. Tatu, kumuomba mwalimu kitabu kimoja cha maktaba ya shule kabla wenzie hawajakitaka.

Mzee kamwambia njoo Jumamosi baada ya Alasiri, leo kifua kinanibana. Angekwenda siku ya tisa insha ingekuwa bila mzee. Jumamosi akaenda na mdogo wake, wakarudi Magharibi inaingia, mdogo anaigiza jinsi watu walivyokuwa wanafunga mabunda na mwiba unavyoingia kwenye nyama ya mguu. Mi niliyezaliwa hapa nilikuwa sijui kwamba mkonge ulifika 1893, kaleta Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf kutoka Florida, miche elfu moja ikapakiwa, iliyofika hai 62 tu. Na mwaka huohuo ndo reli ya kutokea hapa Tanga ilianza kujengwa. Kaanza insha na hiyo miche 62. Nilitaka kumwambia aanze na Mkutano wa Berlin kama tulivyofundishwa sisi, nikakumbuka kashata zimenigharimu shingapi.

Sasa upande wa pili. Wiki hiyohiyo kulikuwa na ramani ingine ya Jiografia, na Bailojia ya kikundi ambayo mwenzao mmoja hakuleta sehemu yake mpaka asubuhi ya kukusanya. Alhamisi akasimama mbele ya waya muda mrefu, af akaitoa ramani Spana akaipeleka Barabarani, imechorwa kwa penseli, haina rangi hata moja. Nikamuuliza, mbona haijaisha? (Hilo ni swali la pili, ni kosa, alinisamehe.) Akasema, "Mjomba, hii hivi ilivyo inanipa sita. Nikiipaka rangi inanipa nane. Hizo mbili siku hizi ni ghali."

Kapata sita na nusu. Mi iliniuma, manake ile bahari ya Januari ilikuwa nzuri mno. Na sijui walimu watakaosoma hapa watanionaje. Lakini kazi 13 haziingii kwenye saa mbili kasoro, lazima ipatikane itakayofanywa nusu, na bora aichague yeye akiwa macho kuliko usingizi umchagulie.

Kwa Bailojia ya kikundi sina dawa. Kazi ya kikundi ni gundi ambayo tyubu yake iko nyumba ya mtu. Sasa hivi anaomba sehemu za wenzie siku mbili kabla ya tarehe, wawili wanaleta, mmoja haleti.

Jumamosi 17 Mei – hesabu

Wiki iliyopita: zilizoingia 13, kwa wakati 11, moja imechelewa siku moja, moja ya kikundi imekwenda pungufu. Saa ya kwenda kulala: Februari ilikuwa saa sita usiku na zaidi, sasa saa nne na nusu, siku za oda kubwa ya bajia saa tano. Magharibi mpaka Isha imeshika vizuri, isipokuwa Ijumaa.

Pesa yote toka Februari: manila na maka 3,000, kaunta buku na ubuyu 3,700, vibanio 1,500, fotokopi 1,200, saa ya kengele 6,000, taa mbili 33,000, kashata 2,000. Jumla 50,400. Ukitaka kuiga bila makosa yangu, unahitaji vibanio, fotokopi za kitabu kinachogombaniwa, na taa ya maana kama kwenu umeme unacheza, 27,700. Kama umeme wenu uko sawa ni 2,700 tu. Waya wa breki njoo kijiweni nikupe bure, ninao wa kufungia meli.

Ya kaunta buku haikupotea yote, mama anaandikia madeni ya bajia.

Mdogo wake naye katundika kamba yake chini ya ule waya, kwenye kimo chake, na vibanio viwili vya kuiba. Kadi zote zilizopo zinahusu mpira. Simgusi.

Na leo asubuhi kabla sijatoka nikaangalia waya, kuangalia sijakatazwa. Spana moja, Barabarani mbili. Kwenye Gundi kuna kadi ambayo nilikuwa naiona mgongo tu kila siku nikidhani ni ya Fizikia. Nikaigeuza. Somo: breki ya nyuma. Inahitaji nini: mjomba. Tarehe aliyoibana ni 24 Aprili.